Dirisha la Magharibi

Bi Zuwena alikuwa na sikio la simu. Wengine hushika mkonga wa simu wakasikia maneno basi; yeye alisikia na yaliyo nyuma ya maneno: mlango unaofungwa taratibu, kijiko kinachokoroga chai ya pili, kikohozi cha mtu ambaye hakutajwa. Sikio hilo hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa marehemu mumewe, Nassor, dereva wa malori makubwa, ambaye kwa miaka sita alimpigia kila Alhamisi akimwambia yuko Dammam anapakia mabomba. Nassor alipokufa, simu ilitoka Riyadh, mtaa wa Manfuha, na sauti ya mwanamke ikamwambia kwa upole, kwa Kiswahili cha Mombasa, "Dada, pole sana. Na mimi nimeingia eda tangu jana."

Kuoa mke wa pili si haramu, Bi Zuwena alilijua hilo tangu chuo cha Kurani. Akamwombea marehemu dua, akamaliza miezi yake minne na siku kumi bila ya kunung'unika. Lakini ile Dammam ilimkaa kooni. Miaka sita ya Dammam ambayo haikuwako.

Sasa ilikuwa mwaka wa themanini na mbili, mwezi wa nane, joto la Jeddah limeshika kuta. Mji mzima ulikuwa unajengwa. Fedha ya mafuta ilikuwa imegeuka saruji, na saruji imegeuka vumbi, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sukari. Binti yake wa pekee, Thuwaiba, alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Mbarouk, mtoto wa watu wa Pemba, anayeendesha winchi katika saiti moja ya majengo huko Riyadh. Barua ya posa ilikuja na adabu zake, mjomba wa kijana alikuja na halua. Shemeji yake Bi Zuwena, nduguye Nassor, ambaye ndiye walii wa binti, alikwisha kumwambia, "Wewe ndiye uliyelea. Ukisema ndiyo, nakwenda kumwozesha. Ukisema hapana, mie siulizi kwa nini."

Kwa hivyo neno lilikuwa mdomoni mwa Bi Zuwena, na Bi Zuwena alikuwa hajalitoa. Kijana amepanga wapi huko Riyadh? Manfuha. Anapiga simu lini? Alhamisi. Mambo hayo mawili peke yake yalitosha kumfanya mtu alale jicho moja.

Nyumba yao haikuwa na simu. Walitumia ya Mwanakhamis, jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Unguja kama wao, mnene, mcheshi, ambaye simu ikilia huigonga dari kwa mpini wa ufagio.

Alhamisi hiyo ufagio uligonga wakati mbaya kabisa. Bi Zuwena alikuwa ameshatawadha. Akashuka na uso uliolowa.

"Mkwe huyo," Mwanakhamis akamwambia akimpa mkonga. "Ana sauti ya kuchumbia watu wawili."

"Astaghfirullahi, wewe!" akasema Bi Zuwena, akaweka sikio. "Naam."

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri. Ndio wakati gani huu wa kupiga simu, mwanangu? Muadhini wetu keshaanza kukohoa kwenye kipaza sauti."

"Nisamehe, mama, nimesahau kama nyie jua lenu linachelewa. Huku sisi tumeshasali zamani. Nimeingia ofisini tu nikuamkieni. Ila mbingu, mama! Laiti ungekuwapo. Nyekundu, kisha zambarau, kama ndani ya komamanga lililopasuliwa. Hapa naitazama."

Sauti ya mwanamume mwingine ikapita nyuma yake, ya haraka haraka: "Dahhin, ya Mbarouk, dahhin!"

Papo hapo adhana ya Jeddah ikapanda. Bi Zuwena akatupa jicho kwenye dirisha la Mwanakhamis. Mbingu ilikuwa nyekundu, jua ndio linazama nyuma ya matangi ya maji. Akaaga, akaweka mkonga chini kama anayeweka yai.

"Mbona umenywea?" akauliza Mwanakhamis.

"Sala," akasema, akapanda ngazi.

Juu, kabla ya chochote, alifunga madirisha. Hiyo ilikuwa kawaida yake isiyovunjwa. Bibi yake alimlea hivyo: jua likichwa, milango hurudishwa, madirisha hufungwa, watoto huitwa ndani, kwani hiyo ndiyo saa mashetani wanapotawanyika. Unguja alifunga, na Jeddah kwa miaka kumi na minane alifunga, kisha akashusha na mapazia, yale mazito ya kahawia. Akisali Magharibi hubaki kwenye mswala na tasbihi yake mpaka Isha. Binti yake husali chumbani kwake, naye ameamrishwa afunge vivyo hivyo.

Usiku ule tasbihi ilikwenda lakini moyo haukwenda nayo. Aliinuka, akaingia jikoni, akawasha taa.

Ukutani palikuwa na kalenda ya nyakati za sala, zawadi ya muuza mchele. Kila mji ulikuwa na safu yake. Bi Zuwena alisoma skuli mpaka darasa la sita, na hesabu aliyoipenda ilikuwa ya kutoa. Akaweka kidole. Magharibi ya Riyadh: saa kumi na mbili na dakika kumi na sita. Magharibi ya Jeddah: saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne. Akatoa. Ishirini na nane.

Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, mikono mapajani. Mtu wa Riyadh, dakika ishirini na nane baada ya jua kuchwa, ataona nini dirishani? Ataona giza linaingia. Ataona nyota moja mbili akitaka. Wekundu wa machweo humezwa mara moja, yeye ameuona maisha yake yote. Ukifika kufunga dirisha la tatu, wekundu wa dirisha la kwanza umeshafifia. Huyu kijana anatazama wekundu ule ule, saa ile ile, uliokuwa dirishani kwa Mwanakhamis.

Na lile neno. "Dahhin" ni "sasa hivi" ya watu wa Jeddah na Makka. Mtu wa Riyadh husema "alhin". Alilijua hilo kwa masikio yake.

"Yuko hapa," akaiambia kalenda. "Yuko hapa hapa Jeddah."

Hakumwambia Thuwaiba. Kwa wiki nzima alimtazama tu binti yake akipiga pasi, akiimba kwa pua, akipima kanzu ya harusi iliyokuwa bado haijatiwa mikono. Jumatatu akiwa juu ya paa anaanika nguo pamoja na Mwanakhamis, mambo yakamtoka.

"Shoga," akasema Mwanakhamis, kibanio mdomoni, "labda anakuja kununua dhahabu kwa siri, akufurahisheni."

"Dhahabu hainunuliwi kwa kusema uko Riyadh."

"Basi labda kweli kaiona hiyo mbingu. Si unasikia watu wanavyosema? Mume wangu anasema mbingu ya mwaka huu si ya kawaida. Wengine wanasema moshi wa vita vya Beirut. Wengine visima vya mafuta. Yule fundi cherehani wa pale kona anasema Kiyama kimekaribia, lakini nguo zangu hanirudishii."

"Mumeo kila kitu kwake si cha kawaida. Juzi bamia hazikuwa za kawaida."

"Zilikuwa na mdudu!"

"Machweo kuwa mekundu ni tangu Nabii Adamu," akasema Bi Zuwena, akakung'uta shuka mpaka ikalia. "Mie sisemi kama mbingu haikuwa nyekundu. Nasema ilikuwa nyekundu ya hapa."

Mwanakhamis akatoa kibanio mdomoni. "Nassor kakuharibu, Zuwena."

"Nassor kanifunza."

Alhamisi ya pili Bi Zuwena hakungoja ufagio. Alishuka mapema na udhu wake, akakaa karibu na simu, saa ya mkononi imevuliwa imewekwa mezani. Jua likazama. Adhana ikaanza. Dakika ile ile simu ikalia.

"Masalkheri, mama. Na leo tena nimekosea saa?"

"Hujakosea. Niambie, mwanangu, huko jua limekuchwa?"

"Zamani, mama."

"Mmeshasali?"

"Tumeshasali, alhamdulillahi."

"Na mbingu ikoje?"

Akamsikia anacheka, anafurahi kuulizwa. "Ile ile, mama. Yaani tukitoa salamu tu hiyo hapo mbele yetu, zambarau inapanda, mpaka imamu mwenyewe anasahau uradi. Imeshika mpaka sasa."

"Haiwi," akasema Bi Zuwena.

"Naam?"

"Nasema haiwi. Nusu saa nzima jua limekuchwa, mbingu iwe nyekundu? Nina miaka arobaini nasali Magharibi. Haiwi."

Mwanakhamis alikuwa ameacha kusonga ugali, mwiko juu.

"Mama, hata mie nilishangaa. Lakini injinia wetu katuambia ni mlima wa moto. Umepasuka Meksiko."

"Wapi?"

"Meksiko, mama. Huko Amerika."

Bi Zuwena alikuwa amesikia Dammam miaka sita, lakini Dammam angalau iko Saudia. "Mlima upasuke Amerika," akasema polepole, "uje uipake rangi Riyadh, saa ile ile jua linapokuchwa Jeddah. Mwanangu, uongo wako una miguu mirefu kuliko wa marehemu mume wangu. Hapo ulipo ni wapi? Sema haki ya Mungu."

"Riyadh, mama. Wallahi Riyadh."

"Usiapie. Posa yako imerudi. Halua tuliila, nitalipa nyengine."

Akaweka mkonga.

"Toba, Zuwena," akasema Mwanakhamis kwa sauti ya chini.

Akapanda. Akafunga madirisha, moja, mbili, tatu. Akashusha mapazia. Akasali rakaa zake tatu, na alipotoa salamu akamkuta Thuwaiba amesimama mlangoni, mtandio haujakaa sawa. Ngazi za nyumba ile zilipeleka sauti juu kama bomba.

"Umemrudisha?"

"Nimemrudisha. Ni muongo. Kaa nikwambie."

Akamwambia yote: kalenda, ishirini na nane, dahhin, wekundu wa dirishani, Meksiko. Alisema kwa utaratibu, kama anayehesabu sahani. Thuwaiba alisikiliza, na uso wake ulianza na machozi, ukaenda kwenye hasira, kisha ukafika mahali mama yake hakupatarajia. Ulikuwa na haya.

"Mama," akasema, "ukinipiga unipige. Hebu njoo."

"Nije wapi?"

Binti aliliendea dirisha kubwa la sebuleni, lile linaloelekea baharini, akavuta pazia la kahawia kwa mikono miwili, akafungua kitasa.

"Thuwaiba! Isha haijaingia!"

"Tazama."

Bi Zuwena alitazama, kwanza ili aweze kugomba vizuri. Mbingu ilikuwa imekwisha, kijivu, kama alivyojua atakavyoikuta. Taa za barabarani zimewaka. Akafungua mdomo. Ndipo kule chini, magharibi, mahali jua lilipozama na kwenda zake, mwanga ukaanza kurudi.

Haukuja kwa ghafla. Ulikuja kama damu inavyorudi usoni mwa mtu aliyezimia. Waridi kwanza, kisha zambarau, ukapanda juu ya matangi ya maji, juu ya winchi na majumba yasiyokwisha, ukageuza kuta nyeupe za mtaa mzima kuwa rangi ya komamanga. Ulikuwa unazidi. Jua limekuchwa, na magharibi kunapambazuka.

Kila aliyesoma chuoni anaijua siku hiyo: siku jua litakapochomoza kutoka linakozama, na mlango wa toba ukafungwa, na aliyekuwa hajatubu haitomfaa tena. Akashika kizingiti cha dirisha. Hakukumbuka madhambi ya ujanani. Hakumkumbuka hata Nassor. Neno alilolikumbuka lilikuwa la nusu saa nyuma, bado lina joto la mdomo: uongo wako una miguu mirefu.

"Ya Rabbi, usinifungie," akasema. "Usinifungie nalo."

"Mama, si Kiyama," akasema Thuwaiba akimshika bega. "Inakuja kila siku. Tangu Ramadhani inakuja. Inakaa kidogo inakwenda."

"Kila siku? Umejuaje?"

Binti akainama. "Nikishasali nafungua dirisha la chumbani. Ningekwambiaje? Ningekwambia nimeona, ungeuliza nimeonea wapi."

Bi Zuwena akaitazama saa aliyokuwa ameirudisha mkononi. Kumi na mbili na dakika sabini na mbili, kama saa ingekuwa inasomeka hivyo. Saa moja na dakika kumi na mbili. Akatoa arobaini na nne. Hesabu aliyoipenda ikampa ile ile ishirini na nane, na safari hii ikamtazama usoni.

Miaka kumi na minane amefunga dirisha. Na hata asingelifunga, bado asingeona, kwani Jeddah anayesali huipa magharibi mgongo. Makka iko mashariki yao. Hapo ndipo neno moja la kijana lilipomrudia likamchoma: tukitoa salamu tu hiyo hapo mbele yetu. Mbele yetu! Nani Jeddah anayetoa salamu akayaona machweo mbele yake? Hakuna. Lazima uwe upande wa pili wa Makka, huko Riyadh, ambako wanasali wakielekea kule jua linakozama. Kijana alimpa ushahidi mkononi, naye, mwenye sikio la simu, akasikia kila kitu isipokuwa hilo.

Akashuka ngazi bila ya viatu. Mwanakhamis alimpisha bila ya mzaha. Akapiga saiti, namba iliyokuwa kwenye barua ya posa; simu ililia, ikalia, hakuna aliyepokea. Akapiga tena baada ya Isha. Mafi, hakuna mtu, ofisi imefungwa, akasema mlinzi, watu wamekwenda, kesho Ijumaa. Mbarouk? Mbarouk ametoka na mfuko, ameelekea Batha kwenye mabasi.

"Kwenye basi la wapi?" akauliza Bi Zuwena kwa Kiarabu.

Mlinzi hakujua. Basi za Batha, akasema, zinakwenda kila mahali.

Thuwaiba hakulala usiku ule, wala hakumsemesha mama yake. Asubuhi alizikunja nguo za harusi akaziweka juu ya kabati, na Bi Zuwena akaona bora apigwe kofi kuliko kuziona zinakunjwa.

Ijumaa baada ya Alasiri ufagio uligonga mara tatu. Bi Zuwena alikwenda mlangoni akamkuta mume wa Mwanakhamis, na nyuma yake kijana mrefu, mwembamba, shati limeganda mgongoni, vumbi la njia nzima kwenye nyusi. Mfuko mmoja mkononi.

"Mgeni wenu," akasema mume wa Mwanakhamis. "Kalala barabarani, si jambo la kawaida," akashuka zake.

Mbarouk hakuvuka kizingiti. "Mama, nimekuja uniangalie. Simu haina uso. Ukiniangalia ukaona bado ni muongo, mabasi ya kurudi yapo."

Bi Zuwena alimwangalia. Hakuharakisha. Aliangalia viatu, kucha, macho. Kisha akasema, "Nimekudhania vibaya, nikakusemea vibaya, na jirani amesikia. Nisamehe. Mbele ya jirani nitalirudia."

Kijana alikuwa amejitayarisha kwa mengine yote. "Nimesamehe, mama," akasema, na ghafla akaonekana mdogo.

"Ingia. Thuwaiba, maji." Akamngoja akae. "Sasa niambie. Anayesema dahhin ni nani?"

"Nani?"

"Nyuma yako kwenye simu. Dahhin, ya Mbarouk."

Kijana akacheka mpaka vumbi likamwanguka. "Msimamizi wetu huyo, mama! Mtu wa Jeddah, hataki kabisa kusema kama watu wa Riyadh. Anaitaka simu yake."

"Hm," akasema Bi Zuwena. "Na Meksiko?"

"Alivyotueleza injinia, mlima ulipasuka mwezi wa nne. Moshi wake umepanda juu kupita mawingu yote, unazunguka dunia. Sasa jua likishazama kwetu sisi huku chini, kule juu moshi ulipo bado linauona. Linaumulika, nao unatupa rangi. Mie nikiwa juu ya winchi natangulia kuiona."

Bi Zuwena aliyapima maneno yale kama anayepima kitambaa asichokijua jina. "Hilo nitalitafakari," akasema. "Sijakataa. Nasema nitalitafakari."

Magharibi ilipoingia, Mbarouk alitangulia mbele akasalisha, na wanawake wawili nyuma yake, migongo kwenye dirisha. Pazia la kahawia lilikuwa juu. Bi Zuwena mwenyewe alilifunga kwa kamba, akasoma Ayatul Kursi kwenye kizingiti mara tatu, moja kwa kila pembe aliyoihofia.

Wakatoa salamu, wakageuka. Mbingu ilikuwa kijivu. Mbarouk akataka kusema kitu, Bi Zuwena akainua kidole, akaitazama saa. Thuwaiba alikuwa amekaa mbali nao, karibu na kabati.

Ilipoanza kurudi ile waridi, Bi Zuwena hakuitazama. Alimtazama kijana, uso wake ulivyopata rangi polepole, paji, pua, nyusi zenye vumbi, naye hajui kama anatazamwa, mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza kitu alichokisema mara nyingi.

"Thuwaiba," akasema, bila ya kumwondolea macho Mbarouk, "zishushe nguo zile juu ya kabati. Kesho asubuhi nampigia ami yako."